Ubao wa kafi wa kujaza upepo: kutoka Nairobi hadi majini

Ukikunjuliwa sakafuni, ubao wa kafi wa kujaza upepo, ule wa kusimama juu yake majini huku ukipiga kafi, hauna tofauti kubwa na turubai zito. Una kilo 9 hivi. Ukiongeza pampu, kafi na mfuko wake, mzigo wote unafika kama kilo 13. Unaingia kwenye buti ya Vitz, unapanda ghorofa ya nne isiyo na lifti, unasafiri kwa treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Mombasa kama begi lingine lolote. Kwa mtu wa Nairobi, aliye kilomita karibu 480 kutoka baharini na asiye na mahali pa kulaza ubao mgumu wa mita tatu, hii ndiyo njia ya kuwa na ubao wake mwenyewe.

Ila chombo hiki kinategemea upepo mara mbili: ule uliofungiwa ndani na ule unaovuma nje. Kupiga kafi kwenyewe mtu hujifunza kwa saa moja au mbili. Yanayouharibu ubao, na yanayomweka mtu hatarini, karibu yote hutoka kwenye pepo hizo mbili, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Upepo wa ndani

Ubao wa kawaida wa mtu mzima una urefu wa sentimita 320, upana wa 81 na unene wa 15. Ndani hauko mtupu kama mpira wa miguu. Uso wa juu na uso wa chini vimeunganishwa kwa maelfu ya nyuzi fupi zenye urefu mmoja, na hizo ndizo zinazoufanya ubaki bapa badala ya kuvimba kama mto. Kandokando umezungushiwa ukanda wa PVC ulioshikizwa kwa gundi au kwa joto.

Presha ya psi 15 ni sawa na uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Uso wa juu una karibu mita 2 za mraba, yaani sentimita za mraba 20,000. Piga hesabu: ubao uliojaa una msukumo wa tani 20 ndani yake, umezuiwa na nyuzi tu. Ukizidisha, maungio ya kando na sehemu inayozunguka vali (mdomo wa kujazia upepo) ndiyo huachia kwanza. Kwa hiyo kabla ya kugusa pampu, soma maandishi yaliyo karibu na vali. Pale huandikwa presha ya kutumia na presha ya mwisho. Mbao nyingi hutumika kati ya psi 12 na 15. Zipo zinazoruhusu 18 au 20, lakini usikisie kwa kuangalia ubao wa mwenzako. Mtu wa kilo 60 anasimama vizuri kwenye 12 au 13. Anayepita kilo 80 aende 15.

Kosa la wengi, hata hivyo, ni kujaza kidogo. Ubao ukifika psi 8 tayari ni mgumu ukiubonyeza kwa kidole, na mikono imechoka, basi mtu anaridhika. Akisimama juu yake majini, katikati panabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) vinainuka, maji yanauburuta, magoti yanatetemeka. Huyo atasema hana balansi kumbe ubao ndio uliolegea.

Geji nayo huchangia. Geji nyingi za pampu za mkono hazianzi kusoma mpaka presha ifike 5 au 7. Unapiga pampu mara mia na hamsini, mshale umelala kwenye sifuri, unadhani imekufa. Haijakufa. Endelea. Ubao ukianza kukataa kupinda, mshale utaamka.

Pampu ya mkono iliyo nzuri husukuma hewa ikishuka na ikipanda. Anza nayo hivyo. Presha ikifika 6 au 8 na mikono ikianza kugoma, fungua kile kizibo kidogo kwenye kichwa cha pampu (kwenye nyingine ni swichi) ili isukume ikishuka tu. Kanyaga miguu ya pampu kwa nyayo zote mbili, nyoosha mikono, na ushuke kwa uzito wa mwili. Anayesukuma kwa misuli ya mabega atamaliza nguvu kabla hajafika majini. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi hii ni dakika 8 hadi 12.

Na hapa Nairobi ina jambo lake. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi: presha ya kawaida ya hewa hapa ni kama psi 12, wakati Mombasa ni 14.7. Ubao wa lita 300 ukijazwa hapa hadi psi 15 unameza karibu lita 675 za hewa ya Nairobi. Ukijazwa Diani unameza kama lita 606 za hewa ya pwani. Kwa pampu inayotoa lita 2 kwa kila pigo, hizo ni pigo 340 hapa na 300 kule. Kwa hiyo ukiona unachoka zaidi ukifanya mazoezi kwenye ua wa nyumbani Lang'ata kuliko ufukweni, si udhaifu wako wala pampu haijaharibika.

Lenye uzito zaidi ni safari yenyewe. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ubao uliojazwa 15 Nairobi ukashushwa Mombasa bila kufunguliwa utasoma kama 12.3, kwa sababu hewa ya nje kule ni nzito. Ukijazwa 15 Mombasa ukapandishwa Nairobi ukiwa umefungwa juu ya gari, utasoma 17.7 ukifika, na bado hatujahesabu jua. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huongeza karibu psi 1. Gari likisimama Mtito Andei saa nane mchana, ubao mweusi au wa buluu nzito ukiwa juani, unaweza kuongeza 2 au 3 nyingine. Hapo ndipo maungio hufunguka, na mwenye ubao hulaumu kiwanda. Usisafiri nao ukiwa umejaa kati ya pwani na Nairobi. Ukiwa ni lazima ukae juu ya gari, utoe upepo hadi psi 5.

Hata ufukweni, sheria ni hiyo hiyo: ukiutoa majini, uweke kivulini. Pasipo kivuli, toa psi 2 au 3, au uache unaelea umefungwa, maji yenyewe yaupoze.

Pini ya vali

Fungua kifuniko cha vali utazame ndani. Katikati kuna pini ndogo ya plastiki yenye springi. Pini ikiwa juu, vali imefungwa: hewa inaingia, haitoki. Ukiibonyeza na kuizungusha kidogo inabaki chini, na vali iko wazi pande zote mbili. Hiyo ya chini ni ya kutolea upepo.

Pini ndogo hiyo imewatoa jasho watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye ubao. Mtu anajaza dakika kumi pini ikiwa chini, geji inasoma 15, anazungusha mpira wa pampu kuutoa, na upepo wote unatoka kwa mlio wa kushtua. Basi kabla ya kufunga mpira wa pampu, bonyeza pini, izungushe, iachie, uone imeruka juu. Kisha ibonyeze kidogo bila kuizungusha, uhakikishe inarudi yenyewe. Ukimaliza kujaza na kutoa mpira utasikia mlio mfupi wa "tss". Huo ni upepo uliokuwa kwenye mpira. Mlio ukiendelea, rudisha mpira haraka, kwa maana vali haijafunga.

Mara nyingi isipofunga, kuna punje ya mchanga kwenye mpira wa ndani wa vali. Usiichokoe kwa msumari wala kwa pini ya nywele. Jaza ubao nusu, kisha bonyeza pini mara tatu nne kwa mapigo mafupi. Upepo utaitoa punje wenyewe. Kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji safi.

Kwenye ncha ya mpira wa pampu kuna oringi, pete ndogo ya kuzuia hewa isivuje. Ikikauka au ikianguka, hewa itatoka hapo na presha haitapanda kupita 7 au 8 hata upige pampu mpaka jioni. Nunua mbili tatu za akiba, uziweke kwenye mfuko wa ubao. Ni za bei ndogo sana, na ukiikosa umefika Kilifi, siku yako imeisha.

Pezi, lile bapa linalochomekwa chini ya ubao ili uende moja kwa moja, liweke kabla hujafikisha presha ya mwisho, ubao ukiwa bado laini kidogo, maana baadhi ya visanduku vya pezi hubana ubao ukijaa kabisa. Mkunjo wa pezi uelekee nyuma, na pezi liwe tezi. Wanaoanza husimama kinyume, pezi likiwa mbele yao, kisha wanashangaa kwa nini ubao unazunguka tu.

Pampu ya umeme, na zile ambazo si za kazi hii

Pampu ya umeme ya volti 12 inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti la gari ni msaada mkubwa, hasa mkiwa na mbao mbili au tatu. Hufanya kazi kwa awamu mbili: kwanza feni inajaza hewa nyingi kwa haraka, kisha sauti inabadilika, inakuwa ya kukoroma, na pistoni inaanza kukandamiza. Mabadiliko hayo ya sauti ni ya kawaida. Weka namba ya presha kabla ya kuwasha, ili ijizime yenyewe. Baada ya ubao mmoja iache ipoe dakika 15 hadi 20. Ukiunganisha mbao tatu mfululizo utaichoma. Acha injini ya gari ikiwaka ili betri isiishe, lakini gari liwe nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu ya moshi.

Kompresa ndogo ya tairi haifai. Imetengenezwa kutoa presha kubwa ya hewa kidogo. Ile inayotoa lita 30 kwa dakika itahitaji zaidi ya dakika 22 kujaza lita 675, na nyingi haziruhusiwi kuwaka mfululizo zaidi ya dakika 10.

Mpira wa upepo wa petroli stesheni ndio mbaya zaidi. Umezoea tairi za psi 30 na kuendelea, unaweza kupitisha 15 kabla hujageuka kutazama geji, na mara nyingi unaleta unyevu na mafuta ndani ya ubao. Kijana wa pale atakusaidia kwa moyo safi, na ubao utaharibika vile vile.

Kuujaribu nyumbani

Ubao mpya, au uliokaa miezi bila kutumika, ujaze Nairobi siku mbili kabla ya safari. Usome presha, uuache saa 24, usome tena saa ile ile. Saa iwe ile ile kwa sababu ya joto: mwezi wa Julai ukijaza mchana wa nyuzi 22 ukapima alfajiri ya nyuzi 12, utakuta umepungua karibu psi 1 bila tundu lolote. Pia kila unapofunga geji, upepo kidogo hutoka kuingia kwenye mpira. Kupungua kwa nusu au psi 1 kusikutishe. Ukipungua 3 au zaidi, kuna mahali panapovuja.

Chukua sabuni ya kuoshea vyombo na maji, pakia kwa sponji kuzunguka vali kwanza, kisha maungio yote, kisha pale zilipogundishwa pete za chuma na mishikio. Povu litakua kama macho ya samaki mahali penye tundu. Povu likitoka ukingoni mwa vali, vali imelegea tu. Toa upepo, shika sehemu ya nyuma ya vali kupitia kitambaa cha ubao, kisha kaza kwa spana ya plastiki iliyokuja na ubao. Ukikaza ubao ukiwa umejaa, vali yote itazunguka pamoja na utararua kitambaa.

Tundu kwenye kitambaa ni kiraka cha PVC. Hapa nawasihi watu: msipeleke kwa fundi wa baiskeli. Si kwamba hajui kazi. Gundi yake ni ya mpira wa tyubu, na kiraka cha tyubu hakishiki kwenye PVC. Kitashika siku moja, kitabanduka majini. Gundi ya mabomba ya PVC nayo hukauka ikawa ngumu, ikakatika ubao unapokunjwa. Tumia gundi iliyokuja na ubao au gundi ya mashua za kujaza upepo.

Toa upepo wote. Kata kiraka cha duara kinachopita tundu kwa sentimita 3 kila upande. Pembe hazifai, ndizo huanza kubanduka. Kwaruza pande zote mbili kidogo kwa msasa laini, pangusa kwa asetoni halisi (dawa ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta, iache), paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ishike kidole bila kulowesha, paka mara ya pili, subiri tena, kisha bandika. Kandamiza kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko, weka uzito juu, acha saa 24 kabla ya kujaza. Anayejaza baada ya saa mbili hurudia kazi yote.

Upepo wa nje

Ubao wenye mtu juu yake unaelea huku sehemu kubwa ya unene wake wa sentimita 15 ikiwa juu ya maji. Mtu akisimama, mwili wake ni tanga. Akianguka bila kamba ya kuunganisha mguu wake na ubao, ubao wa kilo 9 unasukumwa na upepo mwepesi kwa kasi ambayo muogeleaji mzuri hawezi kuifikia. Kamba ya mguuni, basi, ni lazima kwenye ziwa na bahari. Ya kujikunja kama waya wa simu ya zamani ni bora kwenye maji matulivu kwa sababu haiburuti. Kwenye mto unaokimbia, kama Tana kule Sagana, kamba ya kifundoni ni hatari: ikinasa kwenye jiwe au mti, mkondo unakukandamiza na huwezi kuinama kuifungua. Huko hutumika ile ya kiunoni inayoachia kwa kuvuta mara moja.

Upepo unaotisha wengi ni ule unaoleta mawimbi pwani. Mimi ninaouogopa ni unaotoka nchi kavu. Asubuhi mapema kuna umande, upepo mwanana utokao bara kwenda baharini, na karibu na ufuo maji yanakuwa kama kioo kwa sababu minazi inayazuia yasisukumwe. Unatoka mita 200, kivuli cha minazi kimeisha, na kila dakika unasogezwa mbali bila kusikia mgongoni chochote cha kukushtua. Kabla ya kuingia, tazama makuti. Yakielekea baharini, baki kandokando ya ufuo kwenye maji ya kiuno, au subiri. Na ukitoka siku yoyote, anza safari kwa kwenda upande upepo unakotoka, ili kurudi kuwe rahisi ukiwa umechoka.

Kwa anayeanza, upepo usipite kilomita 18 kwa saa. Bila kipimo, macho yanatosha: vichwa vyeupe vya mawimbi vikionekana vimetapakaa kila upande, kaa ufukweni. Msimu wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari yetu huchafuka zaidi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni tulivu kwa wengi, na asubuhi kabla ya saa nne ndio wakati wake.

Upepo ukikushinda, usisimame kushindana nao. Piga magoti, bado ukishindwa, lala kifudifudi, weka kafi chini ya kifua, upige maji kwa mikono. Umepunguza tanga. Usiuache ubao kamwe ili uogelee. Unaelea kuliko jaketi lolote, na anayekutafuta anauona kwanza huo.

Halafu kuna maji yenyewe kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji Mombasa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu ni ndogo zaidi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo, na saa mbili za katikati ndizo zinazobeba nusu ya maji yote. Kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, maji yakitoka wakati huo wa katikati yanakuvuta kuelekea bahari kuu. Ingia maji yakiwa bado yanajaa, uende nayo kuelekea ndani, urudi kabla hayajageuka. Mida karibu na Watamu shida ni nyingine: maji yakipwa, mikondo kati ya mikoko inakauka, na unabaki na ubao kwenye tope la magotini. Kila siku nyakati za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa za Jumamosi iliyopita hazikusaidii.

Majedwali yapo kwenye simu, lakini muulize pia mvuvi unayemkuta ufukweni. "Shikamoo mzee, maji yanaanza kutoka saa ngapi?" Utajibiwa, "Marahaba. Saa tano yatakuwa yashaanza, msiende mbali na mlango ule." Mlango anaousema ni pengo kwenye mwamba, na maji yote ya ndani hutokea hapo.

Kuhusu maji yaliyo karibu na Nairobi, watu huuliza sana. Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa mwaka 1953 na lililowahi kuwa na mashua za tanga, leo ni magugu maji na maji machafu; si mahali pa kuingiza ngozi. Naivasha ni pazuri kwa macho, na hakuna mamba, lakini kuna viboko. Kiboko hutembea chini ya maji, anaweza kukaa dakika tano bila kuonekana, na anapoinuka hujui atatokea wapi. Mashua ina injini na kuta. Ubao hauna hata kimoja. Siwezi kumshauri mtu yeyote aende na ubao pale, hata akiwaona wengine wakifanya hivyo. Masinga kuna viboko na mamba pia. Ziwa Victoria kuna kichocho karibu na kingo. Kwa mazoezi ya kwanza tafuta bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe atakuruhusu asubuhi pasipo watu, lenye maji ya mita moja na zaidi ili pezi lisiguse chini.

Kwenye bwawa hilo, jifunze kwanza kupanda tena baada ya kuanguka. Shika mshikio wa katikati, acha miguu ielee nyuma yako juu ya maji, piga teke huku ukijivuta mpaka tumbo liwe juu ya ubao, kisha geuka. Ukiweza mara tano mfululizo ukiwa na jaketi, uko tayari kwenda maji makubwa. Usipoweza, bado.

Kusimama si kugumu. Anza kwa magoti, mshikio ukiwa katikati yao, piga kafi upate mwendo, simamisha mguu mmoja kisha wa pili, miguu sambamba na upana wa mabega, macho mbele. Kafi liwe refu kuliko wewe kwa sentimita 15 hadi 25, na jani lake lililopinda lielekee omo. Wengi hulishika kinyume. Ukianguka, anguka ubavuni mbali na ubao, bapa, hasa juu ya mwamba, ambako kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi.

Jaketi la kuelea livaliwe mwilini. Kulifunga kwenye ubao hakusaidii mtu. Lililoandikwa 50N (N ni newton, kipimo cha nguvu ya kukuelesha) ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na ufuo. Asiyejua avae 100N au zaidi. Mikanda ya kiunoni inayojijaza kwa mtungi mdogo wa gesi ni ya waliozoea, na mtungi hauruhusiwi kila ndege, uliza kabla ya kwenda Wilson au JKIA. Funga filimbi kwenye jaketi. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na mfuko uwe shingoni mwako. Beba lita mbili za maji ya kunywa. Mwachie mtu wa ufukweni saa ya kurudi, na namba za dharura 999 na 112. Ukiwa kijiji cha wavuvi, watu wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufuo na uvuvi) ndio wenye mashua na wanaojua mikondo, kwa hiyo wapitie uwasalimu kabla ya kuingia.

Ukirudi

Chumvi ikikauka kwenye vali na kwenye klipu ya pezi huwa kama saruji. Nairobi maji ni ya mgao mitaa mingi, lakini mtungi mmoja wa lita 20 na sponji vinatosha: anza na vali ikiwa imefungwa, kisha pezi, kisha uso wa ubao, mwisho kamba. Kausha kivulini, pande zote mbili. Ukikunjwa na unyevu, baada ya wiki utanuka na kuota madoa meusi ambayo hayatoki.

Kunja kuanzia omo kuelekea vali, ili upepo uliobaki upate pa kutokea, na ulegee kidogo. Mkunjo uliobanwa sana mahali pamoja hupasua PVC kwa muda. Ukikwisha, pandisha pini, funga kifuniko vumbi lisiingie. Usiuweke chini ya mabati ya gereji yanayochemka mchana, wala sakafuni kwenye stoo yenye panya, maana wanatafuna PVC. Juu ya kabati ndani ya nyumba, au chini ya kitanda ukiwa na psi 3 tu kama nafasi ipo, utakaa salama mpaka safari nyingine.